Mkono Unaojua Kungoja

Mtoto wa miezi mitatu aliyezoea ziwa la mama yake ana msimamo wake. Anaijua harufu ya mama, anaijua ngozi yake, na anajua maziwa yanavyokuja: kwanza kidogo, kisha kwa wingi, halafu yanapungua naye anapumzika. Mletee kitu kingine mdomoni, atakisukuma kwa ulimi, atageuza shingo, atalia. Kumfikisha mtoto huyo mahali akanywa maziwa yale yale bila mama kuwepo, tena akanywa kwa hiari yake, ni ufundi kamili. Nimeuona kwa mabibi, kwa wauguzi wa wodi za watoto njiti, na kwa dada wa kazi ambao hakuna aliyewahi kuwaita mafundi.

Mijini ufundi huu unahitajika mno. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Hesabu inabaki na miezi mitatu ambayo mama yuko kazini, na nyumbani yupo mtu mwingine pamoja na maziwa yaliyokamuliwa alfajiri.

Fundi ninayemfahamu vizuri ni mama yangu mzazi, aliyewalea wajukuu wake hapa Dar es Salaam. Kazi yake huanza kabla mtoto hajaamka. Maziwa yanatoka kwenye friji, ambako hukaa hadi siku 4. Mezani wataalamu wa Marekani wanayapa saa 4 ikiwa joto halizidi nyuzi 25, na Dar tunazipita nyuzi hizo karibu kila siku. Hayachemshi. Anakiweka chombo ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, anakizungusha taratibu mpaka mafuta yaliyopanda juu yachanganyike, kisha anadondosha tone ndani ya kifundo cha mkono wake. Lisipounguza wala kusisimua kwa ubaridi, yako tayari.

Hamsubirishi mtoto mpaka njaa imtie wazimu, kwa sababu mtoto mwenye hasira hafundishiki. Anamchukua anapoanza kujinyoosha na kulamba midomo. Anampakata wima, kichwa kikiegemea mkono wa kushoto, mikono imefungwa kwa kanga isije ikapiga kikombe. Mama wa mtoto, kama bado yupo nyumbani, anaombwa atoke nje kabisa. Akisikika sauti yake sebuleni, somo limekwisha.

Mama yangu anatumia kikombe kidogo kisicho na mkono, kama kile cha kahawa ya barazani. Ndivyo kliniki nyingi zinavyofundisha. Kikombe kinaoshwa kwa sabuni kikatakata chote, ilhali chuchu ya chupa ina pembe ambazo maziwa hujificha na kuchacha. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walizitaka hospitali zisiwape watoto wanaonyonya chuchu za bandia. Miongozo ya 2018 ililegeza kidogo, ikataka mama aelezwe matumizi na hatari zake, aamue mwenyewe.

Na hapa ndipo penye uhodari wenyewe. Ukingo wa kikombe unakaa juu ya mdomo wa chini, mwepesi, bila kuukandamiza. Kikombe kinainamishwa mpaka maziwa yaguse midomo, basi. Mtoto hamiminiwi. Mkono unabaki pale pale, maziwa yakiwa ukingoni, na anayefanya kazi iliyobaki ni mtoto: njiti hulamba kwa ulimi, aliyetimia miezi hufyonza kwa mafunda madogo. Akitua kupumua, kikombe hakiondoki wala hakisogei. Nimeutazama mkono ule ukingoja bila kutetemeka, huku sauti ya chini ikisema, "Haya mume wangu, taratibu, hakuna anayekufukuza." Akifumba mdomo na kugeuka, ameshiba, hata kama kikombe hakijaisha. Bibi hashindani naye. Anajua kiasi kinahesabiwa kwa siku nzima, na mlo mmoja mdogo hulipwa na unaofuata.

Anayechagua chupa anahitaji subira hiyo hiyo. Chupa huteremsha maziwa hata mtoto asipoyavuta, ndiyo maana mnyweshaji mzuri anailaza karibu usawa wa sakafu, anaigusisha chuchu kwenye mdomo wa juu na kungoja kinywa kipanuke chenyewe. Baada ya mafunda kadhaa anaishusha ili mtoto apumzike, na katikati ya mlo anambadilisha mkono, kama mama anavyobadilisha ziwa. Macho yakitoka, vidole vikitanuka, maziwa yakivuja pembeni mwa mdomo, anajua mtoto yu karibu kupaliwa, naye anasimama hapo hapo.

Kinyume cha haya yote ni kumziba mtoto pua na kummiminia. Wapo wanaofanya hivyo hadi leo wakijisifu kwamba kikombe kimeisha. Ni hatari, maana maziwa huweza kuingia mapafuni, na mtoto hujifunza kuogopa kula.

Kwa hiyo, ikiwa nyumbani kwako yupo mwenye mkono huo, awe mama mkwe au dada wa kazi, mpe nusu saa yake bila kumrundikia vyombo na pasi. Nawe mwajiri, kumbuka kwamba sheria ile ile ya 2004 inamruhusu mama anayenyonyesha hadi saa 2 za kazi kila siku kwa ajili ya mwanawe. Mpe bila kumfanya aombe mara mbili.