Ndagala na Maneno Matano ya Tahadhari

Mwaka 2003 jarida la Nature lilichapisha utafiti juu ya Ziwa Tanganyika, ulioongozwa na Catherine O'Reilly. Sentensi moja ya muhtasari wake inawahusu hasa wavuvi wa ndagala (dagaa) wa Rumonge, Burundi. Watu huisimulia hivi: joto limepunguza uzalishaji wa ziwa kwa asilimia 20 na samaki kwa asilimia 30. Ilivyoandikwa ni vingine.

Kwa Kiingereza, sentensi hiyo imebeba maneno matano ya kusitasita: “suggest”, “may have”, “about”, “implying”, “roughly”. Mhariri mwenye haraka angefuta manne, na angeharibu kazi. Watafiti hawakuwapo ziwani miaka ya nyuma kupima mwani; walisoma kaboni iliyozikwa kwenye matope ya chini. Matope huashiria tu, ndiyo maana ya “suggest”. Kaboni ile ingeweza kubadilika kwa sababu nyingine pia, ndipo ikaja “may have”. Nililopenda zaidi ni “implying”: ile 30 haikutokana na kuhesabu mavuno ya boti, imekokotolewa kutoka kwenye ile 20, na neno hilo linakiri hivyo mbele ya kila mtu. Mengine mawili ni ya kulainisha nambari tu.

Tahadhari hiyo ilikuwa na faida. Mwaka 2006 Jouko Sarvala na wenzake walijibu kwamba mavuno yanafuata zaidi mabadiliko ya uvuvi wenyewe kuliko tabianchi. Sentensi ya 2003 ilitikisika lakini haikuvunjika, maana haikuwa imeapa. Kisha mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake wakaja na mabaki ya samaki wenyewe kutoka kwenye matope, yakionyesha upungufu ulioanza kabla ya uvuvi wa kibiashara. Kichwa cha makala yao hakina hata “may” moja: joto linapunguza samaki, basi.

Somo hilo linatuhusu na sisi: Kiingereza ni lugha rasmi ya Burundi tangu 2014, na baadhi ya ripoti za kuomba msaada huandikwa kwacho. Wengi wetu hufungua kwa “it seems that perhaps”, kisha kila kinachofuata tunakitaja kama amri ya serikali. Wewe katibu wa chama cha wavuvi, idadi ya boti zilizorudi tupu iandike bila kusita, kwa kuwa umezihesabu. Neno “may” liweke kwenye sababu.