Asilimia 3 za Hubble

Galaksi yenye umbo la ajabu mara nyingi ni galaksi iliyovurugwa na jirani yake. Dalili zilikuwepo mapema: tangu 1845 Lord Rosse alishaichora galaksi ya M51 ikiwa na mwenzake kwenye ncha ya mkono wake. Edwin Hubble alizipita dalili hizo mwaka 1926, na hapo alikosea.

Katika uainishaji wake wa galaksi zipatazo 400, za duaradufu zilipata asilimia 23, zenye mikono iliyojipinda 59, zenye mhimili wa nyota katikati 15. Asilimia 3 zilizobaki zilitiwa kapu moja, zikaitwa zisizo na mpangilio. Humo ndimo yalimoingizwa Mawingu mawili ya Magellan, ambayo kutoka Nkome, kando ya Ziwa Victoria, huonekana kwa macho matupu upande wa kusini, Desemba hadi Februari. Kwa jina hilo uchunguzi ulifungwa kabla ya kuanza. Wingu Kubwa lina mhimili ulio wazi, uliokaa kando ya kitovu, na mkono mmoja uliojipinda. Gérard de Vaucouleurs aliyaeleza hayo miaka ya 1950. Mpangilio upo, ila umevutwa upande. Mwaka 1963 wanaastronomia wa redio wa Australia walikuta hidrojeni imetanda kati ya mawingu hayo, alama ya majirani waliokaribiana kupita kiasi. Hata hivyo vitabu vingi bado huanza na mchoro wa Hubble wenye umbo la uma, na galaksi hizi huachiwa ukurasa wa mwisho.

Erik Holmberg wa Uswidi ndiye aliyestahili kufuatwa. Mwaka 1941, bila kompyuta, alipanga balbu 74 kuigiza galaksi mbili zinazopitana, 37 kwa kila moja, kwa kuwa mwanga hufifia kwa mraba wa umbali kama mvutano. Alipima mwanga penye kila balbu, akaisogeza kadiri kipimo kilivyodai, akarudia. Mikono ikachomoza.

Alar na Juri Toomre walithibitisha hilo kwa kompyuta mwaka 1972: jirani akipita kwa mwelekeo ule ule wa mzunguko wa galaksi, huchomoa mikia mirefu kama ya galaksi za Antennae; akipita kinyume, madhara ni madogo.

Akipenya katikati ya sahani ya galaksi, huzuka pete ya gesi na nyota changa inayotanuka, kama ya galaksi ya Cartwheel, aliyoigundua Fritz Zwicky mwaka 1941.