Heko, waandishi wa upelelezi

Waandishi wetu wa riwaya za upelelezi wanastahili heshima kubwa kuliko tuliyowapa. Wahakiki wengi waliviita vitabu vyao burudani tu. Mimi naona vimebeba historia.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar ndiye aliyefungua njia, Mzimu wa Watu wa Kale ulipotoka mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake ni mtoto wa ukoo wa Sherlock Holmes, hilo halifichiki, lakini Kiswahili cha Abdulla ni cha baraza za kwao, kimepikwa kikaiva.

Anayenigusa zaidi ni Elvis Musiba. Kufa na Kupona, ya mwaka 1974, inamtuma jasusi Willy Gamba kufuatilia nyaraka za wapigania uhuru zilizoibwa. Msomaji wa leo aweza kudhani ni chumvi ya mtunzi. Sivyo. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na mwaka 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, aliuawa jijini humo humo kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alichotumiwa. Hofu ya majasusi haikuwa ya kubuni, na Musiba aliiandika risasi zikiwa bado zinalia Msumbiji na Angola. Hakungoja vita viishe ndipo awe jasiri.

Ben Mtobwa alitupa mpelelezi Joram Kiango, kisha akaanzisha Heko, kampuni ya uchapishaji. Wachapishaji wa leo, virudisheni vitabu hivi madukani, vyote.