Mvukuto na Mabawa

Jirani yangu hapa Kang'ata, wilayani Handeni, ni mhunzi. Kibanda chake kiko hatua chache kutoka mlangoni kwangu, na kila alfajiri, kabla wachimbaji wadogo hawajaelekea kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, nausikia mvukuto wake ukianza kupumua. Wachimbaji humletea moko, patasi zao za kuchongea mwamba, zilizobutuka azinoe. Wakulima humletea majembe na mapanga. Kwa miaka mingi sauti ile nilikuwa naichukulia kama ya jogoo na ya pikipiki, sauti ya kwamba kumekucha. Tangu nilipoanza kujifunza kurusha ndege kwa kompyuta, naisikiliza kwa heshima nyingine.

Watu wakisikia kwamba mtu mzima wa Handeni anakaa mezani jioni akirusha ndege isiyokuwepo, neno linalowajia ni mchezo. Nataka kulitetea jambo hili, kwa sababu naamini ni shule ya ufundi, na ufundi wenyewe ni mzito. Ushahidi wangu wa kwanza ni huohuo mvukuto.

Edwin Link alikuwa kijana wa Binghamton, katika jimbo la New York nchini Marekani, na baba yake alikuwa na kiwanda cha kutengeneza piano na vinanda vikubwa, vile vinavyolia kwa upepo unaosukumwa na mivukuto. Kijana alipenda kuruka, lakini masomo ya urubani yalikuwa ghali. Basi akachukua mivukuto na pampu alizozijua tangu utotoni, akaziweka chini ya kisanduku chenye mabawa mafupi na usukani, na mwaka 1929 akawa na ndege isiyotoka sakafuni. Ukivuta usukani, mvukuto mmoja unajaa, mwingine unanywea, na pua inainuka. Miongoni mwa wanunuzi wa kwanza walikuwa wenye viwanja vya burudani. Watu walilipa wapandishwe na kushushwa, wakacheka, wakaenda zao.

Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege. Marubani waliozoea kuruka wakiitazama ardhi waliingia kwenye mawingu na giza la majira ya baridi, na katika wiki chache kadhaa kati yao wakafa. Ndipo jeshi likanunua mashine 6 za Link. Ilipokuja Vita Kuu ya Pili ya Dunia, malaki ya marubani walipitia ndani ya visanduku vile kabla ya kupanda angani. Kisanduku kilikuwa ni kilekile cha kwenye viwanja vya burudani. Vifo ndivyo vilivyowafumbua watu macho.

Siku hizi rubani wa ndege ya abiria, hata awe na mvi, hurudi kwenye mashine ya kuigizia kila baada ya miezi sita hivi. Humo anazimiwa injini ndege ikiwa ndiyo kwanza inainuka, anawashiwa moto wa bandia, anatandaziwa ukungu uwanjani. Hakuna anayekabidhiwa ndege kubwa kama Dreamliner, aina ambayo Air Tanzania iliipokea Julai 2018, bila kwanza kuihitimu darasani na kwenye mashine hizo. Abiria anayelala usingizi juu ya mawingu analindwa na makosa ambayo rubani wake alishayafanya mahali ambapo hayakumwua mtu.

Anayeanza nyumbani hahitaji makubwa. Mimi nilianza na laptopu ya mtumba, fimbo ya kuongozea iliyokwisha kutumika, na FlightGear, programu ya bure ambayo watu wa kujitolea wamekuwa wakiitengeneza tangu miaka ya 1990. Niliipakua usiku, bando likiwa rahisi, na kazi hiyo ilinimalizia siku tatu. Zipo programu zenye sura nzuri zaidi, kama X-Plane na Microsoft Flight Simulator, hii ya pili ikiwa sokoni tangu 1982. Matoleo yake mapya yanataka kompyuta yenye nguvu na intaneti ya uhakika, na mwanafunzi hapungukiwi na kitu akianza bila hayo. Fimbo, hata hivyo, usiikwepe. Kibodi inajua ndiyo na hapana tu; ndege inataka kidogo, na kidogo zaidi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa tamaa. Usiku ule programu ilipokubali kufunguka, nilijipakia kwenye ndege kubwa ya abiria pale Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, nikasukuma nguvu zote za injini, nikaondoka. Dakika mbili baadaye nilikuwa nimelala ubavu juu ya nyanda za Sanya, na muda si mrefu nikawa chini. Sikujifunza chochote, kwa sababu sikujua hata nilichokosea. Asubuhi yake nilipita kwa mhunzi nikamkuta kijana mpya ameshika mipini ya mvukuto, anavukuta, anatazama makaa. Alikuwa na siku kadhaa pale na bado hajagusa nyundo. Anayejifunza uhunzi huanza na moto: aujue ukiwa mwekundu na ukiwa mweupe, ajue upepo mwingi unafanya nini na upepo mchache unafanya nini.

Mvukuto wa urubani ni Cessna 172. Hii ni ndege ya injini moja na viti vinne, mabawa yake yakiwa juu ya kichwa cha rubani. Iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1955, na zimeshatengenezwa zaidi ya 44,000. Hakuna ndege nyingine iliyowahi kutengenezwa kwa wingi huo. Marubani wengi mno duniani walianza nayo, kwa sababu inasema kweli. Ukikosea inakuonyesha pole pole, na inakupa nafasi ya kutengeneza.

Kwa hiyo nilihamia Tanga, ambako uwanja uko karibu sawa na usawa wa bahari na hewa ni nzito, nikaanza upya kwa kujilazimisha utaratibu. Kwanza orodha ya ukaguzi, kipengele kwa kipengele, hata kama najua hakuna mafuta ya kweli ya kuvuja. Kisha kukimbia kwenye lami huku jicho likiuibia mshale wa mwendo, ambao huhesabu maili za baharini kwa saa, kama vyombo vya majini: ukifika 55, vuta kidogo, na ardhi inaachia. Kisha wiki nzima ya kwenda moja kwa moja bila kupanda wala kushuka. Jambo hilo ukilisikia ni rahisi. Nilikuwa nimeibana fimbo kama mtu anayening'inia nayo. Mshale wa mwinuko ukishuka, navuta, ukizidi, nasukuma, na ndege ikawa inapiga mawimbi kama ngalawa katika pepo za kusi. Nilikuwa naikimbiza mishale, na mishale ilikuwa inanikimbia.

Kuna somo moja ambalo peke yake linalipia fimbo. Panda mpaka futi 4,000, punguza nguvu za injini, kisha vuta fimbo taratibu ukizuia pua isishuke. Mwendo unapungua: 70, 60, 55. Ndege inaanza kuitikia kwa uvivu. King'ora kinalia. Halafu bawa linaachia hewa, na pua inadondoka. Mwili mzima unakupigia kelele uvute, maana ardhi imejaa kwenye kioo. Ukivuta, unazama zaidi, kwa sababu bawa liliachia hewa kutokana na kuvuta kulekule. Dawa yake ni kusukuma fimbo mbele, kuielekeza pua kwenye kile unachokiogopa, mpaka bawa lishike hewa upya. Ndipo unaongeza nguvu na kuinuka. Kichwa changu kilielewa hilo kwa kusoma dakika tano. Mkono wangu ulichukua wiki mbili kuliamini. Katika hizo wiki mbili ndimo ufundi ulimo, na hakuna kitabu kinachoweza kukufupishia.

Kisha kutua. Kutua kunaanza mbali, wakati uwanja bado uko ubavuni mwako na wewe uko futi 1,000 juu yake. Unapunguza nguvu, unageuka, unageuka tena, mpaka lami iko mbele. Sasa tazama kioo. Kila kitu kilicho chini kinasogea: vingine vinapanda kwenye kioo, vingine vinazama. Lakini kuna doa moja lisilosogea, linazidi kukua tu. Hapo ndipo unapokwenda, upende usipende. Kama doa hilo ni nyasi za kabla ya lami, ongeza nguvu mapema. Kama liko katikati ya lami, umechelewa kushuka. Ukifika umeshika mwendo wa 65, ondoa nguvu, tupa macho mwisho wa lami, na uizuie ndege isiguse ardhi, uizuie, uizuie, mpaka ichoke yenyewe na kukaa.

Nilianguka pale Tanga mara nyingi. Nilinunua daftari la shule, nikawa naandika kila anguko na sababu yake: nimevuta mapema, nimetazama karibu, nimesahau upepo wa ubavuni. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na zamani nilidhani ni maneno ya kumfariji aliyeshindwa. Sasa nayachukua kama maelezo ya kazi. Koleo litavunjika, fundi ni yule anayejua lilivunjikia wapi. Mashine ya kuigizia inakupa koleo jipya papo hapo, bure, na ikikuheshimu kiasi hicho, na wewe iheshimu: usirudie anguko lilelile bila kulisoma.

Ufundi huu pia umenifundisha nchi yangu kwa mikono. Uwanja wa Kilimanjaro uko mita 894 juu ya bahari, na zamani hiyo ilikuwa namba tu. Sasa naijua: Cessna ileile iliyoruka haraka Tanga, kule inakimbia zaidi kabla ya kuinuka, na jua la mchana likiwa kali inakimbia zaidi tena, kwa sababu hewa ni nyepesi na bawa halina cha kushika. Milima ya Usambara, ambayo ukiwa Korogwe unaitazama kama ukuta, naipima kwa dakika: karibu robo saa ya kupanda kutoka Tanga, injini ikilalamika, kabla sijathubutu kuvuka juu yake.

Sidai kwamba mimi ni rubani. Saa za kwenye meza ya nyumbani hazihesabiwi kwenye leseni, na kiti changu hakinikandamizi mgongo ndege inapogeuka. Anayetaka leseni atakwenda chuoni, atapimwa afya, atakaa na mkufunzi. Lakini nimejifunza namna ya kujifunza. Marubani wana kanuni ya siku ngumu: kwanza irushe ndege, kisha jua uko wapi, kisha ndipo uzungumze. Nimeiona kanuni hiyo ikinifaa hata nikiwa sijakaa mezani, siku mtoto alipoungua na nyumba nzima ikapiga kelele. Nilishika maji baridi kwanza. Maneno yalisubiri.

Mwezi uliopita, jioni moja, mhunzi alikuja kuchaji simu kwenye betri yangu ya sola. Nikamwamkia, akaitikia, akavuta kigoda akakaa nyuma yangu. Nilikuwa nimeondoka Tanga, nimeshavuka mto Pangani, Usambara iko mkono wa kulia, nakuja nyumbani kwa futi 4,500. Ni safari ya kama dakika arobaini. Alinyamaza muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "hiyo unaibana sana."

Nikatazama vidole vyangu. Vilikuwa vyeupe.

"Koleo halibanwi hivyo. Ukilibana, nyundo ikishuka mshindo wote unauingia mkono. Unashika chuma kisianguke, basi."

Nikampisha kiti. Akaishika fimbo kwa vidole vitatu, vidole vyenye makovu ya cheche, akaiacha ikae. Mshale wa mwinuko, uliokuwa ukichezacheza tangu Tanga, ukatulia. Hakuwa akiukimbiza. Aliutazama kama anavyotazama rangi ya chuma motoni, kwa subira, na ulipoanza kuondoka aliugusa kidogo, ukarudi.

"Kang'ata iko wapi?"

"Tumefika, mzee. Ni hapa."

Chini yetu palikuwa na vilima na ardhi ya kijani. Vilima ni vya kweli, viko mahali pake, kwa sababu mwaka 2000 chombo cha anga kiliupima mwinuko wa sehemu kubwa ya dunia kwa rada, na programu inatumia vipimo hivyo. Lakini barabara haikuwepo, wala nyumba, wala maduara ya dhahabu.

"Na kibanda changu?"

"Bado hakijachorwa."

Akaviangalia vile vilima, akavitambua kimoja kimoja kwa majina yake. Nikamwonyesha jinsi ya kulaza bawa ili tuzunguke, nikamwambia avute kidogo ili tusishuke. Akalaza bawa la kushoto, akavuta kwa vidole vitatu, na tukazunguka juu ya mahali pale alipozaliwa, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na mshale haukuondoka kwenye 4,500.