Istilahi za Hati za Shehena za Hatari: Uhakiki

Barabara kuu itokayo bandari ya Dar es Salaam hupita Isaka, hufika Lusahunga, kisha hushika njia ya Rusumo na kuingia Rwanda. Katika sehemu hiyo ya mwisho hukata wilaya za Biharamulo na Ngara, mkoani Kagera, na Nyamigogo imo katika eneo hilo. Malori ya petroli na dizeli huitumia njia hiyo, pamoja na magari mengine ya mizigo yaendayo nchi jirani. Iwapo lori litapinduka huko usiku, watakaofika kwanza si wakemia wala wazimamoto. Ni wanakijiji, mgambo, pengine mwalimu wa shule ya msingi, na askari polisi mmoja. Maelezo watakayoweza kuyapata upesi ni karatasi iliyomo katika chumba cha dereva. Shabaha ya makala haya ni kuyahakiki maneno ya Kiswahili yanayotumiwa kutafsiri karatasi hiyo, na kuuliza kama yanamfaa msomaji wa namna hiyo.

Kwanza yafaa kueleza hati yenyewe. Mapendekezo ya Umoja wa Mataifa kuhusu usafirishaji wa bidhaa za hatari, yaliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1956, yanataka kila bidhaa itajwe kwa utaratibu mmoja usiobadilika: namba ya Umoja wa Mataifa, jina rasmi la bidhaa, aina ya hatari yake, na daraja lake. Kwa mfano, hati ya petroli husomeka hivi: UN 1203, PETROLI, 3, II. Utaratibu huu ni mfupi kwa makusudi, maana husomwa na mtu mwenye haraka. Kwa hiyo neno moja likikosewa, hakuna maneno mengine ya kulisahihisha.

Tuanze na jina la shehena yenyewe. Waandishi wetu huandika "bidhaa hatari", "bidhaa hatarishi", "vitu vya hatari" na "mizigo hatarishi", pengine yote katika jalada moja. Neno "hatarishi" limeundwa kwa kanuni za lugha kutokana na kitenzi "hatarisha", wala hatuna ugomvi na asili yake. Lakini msomaji wa hati akikuta majina mawili hudhani kwamba kuna vitu viwili. Sisi tunapendekeza "shehena ya hatari", kwa sababu ndivyo watu wasemavyo tayari, na istilahi inayokutwa mdomoni mwa watu haihitaji kufundishwa.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, nayo ni neno "msafirishaji". Katika tafsiri nyingi neno hili hutumiwa kwa mwenye kuituma shehena, na pia kwa mwenye lori anayeichukua. Wajibu wa watu hawa wawili haufanani hata kidogo. Wa kwanza ndiye anayeijua bidhaa. Yeye huitambua aina yake, huandika hati na kuthibitisha kwa saini kwamba maelezo ni ya kweli. Wa pili hukagua kwamba hati ipo na kwamba inalingana na alama zilizo kwenye gari, naye huwajibika kwa safari. Kifungu kinachosema "msafirishaji atathibitisha maelezo ya shehena" hakimshiki mtu yeyote, maana kila mmoja aweza kumwonyesha mwenziwe kidole. Tunapendekeza watatu hawa watenganishwe: mtumaji, mchukuzi na mpokeaji. Huenda wengine wakapinga kwamba mchukuzi ni hamali wa sokoni. Pingamizi hilo si la kupuuzwa, lakini neno "uchukuzi" limekwisha kupanda cheo hadi kuwa jina la wizara, na si ajabu mtenda akafuata tendo lake.

Tatu ni "kundi la ufungashaji". Hii ni tafsiri ya neno kwa neno, na inapotosha. Msomaji hudhani kwamba tarakimu za Kirumi I, II na III zinaeleza namna mizigo ilivyofungwa, au idadi ya mafurushi. Kumbe zinaeleza ukubwa wa hatari: I ni hatari kubwa, II ni ya kati, na III ni ndogo. Hapa twaweza kutumia hazina ya lugha yetu wenyewe. "Aina" hutaja jinsi kitu kilivyo, na "daraja" hutaja kiwango chake. Basi na tuseme "aina ya hatari" kwa tarakimu ya kwanza na "daraja la hatari" kwa ya pili. Mwalimu aweza kulieleza jambo hili darasani kwa dakika moja.

Nne, vitenzi "kuwaka" na "kulipuka" huchanganywa. Petroli ni kimiminiko kinachowaka, nayo imo katika aina ya 3. Baruti ni kilipukaji, nayo imo katika aina ya 1. Ni kweli kwamba mvuke wa petroli waweza kulipuka ukichanganyika na hewa, lakini hati ikiandika "kilipukaji" kwa kila kitu chenye moto, basi onyo la baruti limepoteza nguvu yake. Vivyo hivyo nitrati ya amoniamu imo katika aina ya 5.1, yaani vioksidishaji, vinavyoulisha moto oksijeni. Akiiandika mtu "mbolea" tu, hajasema uongo, lakini amelificha jambo ambalo mzimamoto alihitaji kulijua. Na sianidi ya sodiamu, UN 1689, itumikayo katika migodi ya dhahabu, ni sumu ya aina ya 6.1, daraja la I. Kiswahili cha kila siku huita vitu vingi "dawa". Katika hati hii neno hilo lisikubaliwe kabisa.

Tano ni neno dogo kuliko yote, "tupu". Lori lililoshusha petroli Rwanda hurudi kwa njia ile ile, na dereva husema, kwa haki ya lugha, kwamba tangi ni tupu. Lakini tangi lisilosafishwa lina mvuke, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kuufuata moto ulio mbali. Kanuni za kimataifa zinataka hali hiyo itajwe. Tunapendekeza maneno "tupu, halijasafishwa", yakifuatwa na jina la bidhaa iliyokuwamo.

Wapo watakaosema kwamba karatasi hizi ni za kimataifa, na zibaki katika lugha ya kigeni. Jibu liko katika mkataba wa Ulaya uliotiwa saini Geneva mwaka 1957 kuhusu shehena hizi barabarani. Mkataba huo unataka hati iandikwe kwa lugha rasmi ya nchi inakotoka shehena, na lugha ya kimataifa iongezwe pale inapohitajika. Tena unataka maelekezo ya dharura yawe katika lugha ambayo wahudumu wa gari wanaisoma na kuielewa. Namba haitafsiriwi, maneno hutafsiriwa. Kwetu sababu ni kubwa zaidi: Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na Tanzania ilikifanya lugha ya sheria mwaka 2021.

Aidha, mfano mwema tunao nyumbani. Sheria ya mwaka 2003 inaitwa kwa Kiswahili Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani. Neno "majumbani" humwonyesha msomaji mahali kemikali zilipo, naye hulielewa bila kamusi.

Tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipinduka Msamvu, Morogoro, na zaidi ya watu 100 wakafa kwa moto, wengi wao wakiwa wamekusanyika kuchota mafuta. Hatusemi kwamba istilahi ingeuzuia msiba ule. Tunasema kwamba mtu anayetaka kuwaondoa wenzake mahali kama pale anahitaji neno la kusema, lililo sahihi na linaloeleweka mara moja. Maneno haya matano basi yajadiliwe na watafsiri, walimu na watumishi wanaohusika, yasanifiwe, na orodha yake ipelekwe kwanza katika vituo vya polisi na shule zilizo kando ya barabara kuu.