Ekzosi ya Hilux: Pesa Iende Mita ya Kwanza

Ukisimama Mto wa Mbu, pale mteremko wa kutoka Rhotia unapoishia, utaisikia Fuso kabla hujaiona. Inashuka kwa mngurumo mzito wa ekzosi breki, na mguu wa dereva wala haujagusa pedali. Ndani ya bomba la moshi kuna sahani ya chuma iliyojifunga. Moshi umekosa pa kutokea, pistoni zinasukumana na presha iliyokwama, na tani zote zile zinashikiliwa na bomba lililozibwa.

Sasa geuza safari. Gari linapanda mlima na mzigo wake, na sahani ile imefungwa nusu. Hiyo ndiyo ekzosi mbaya, na ndiyo maana nikamkataza shemeji yangu asinunue mpya kabla hatujapima ya zamani.

Shemeji hubeba vitunguu kutoka Mang'ola kupeleka Arusha kwa Hilux Vigo ya dizeli yenye injini ya 1KD: silinda nne, sentimita za ujazo 2,982, turbo na intakula. Kutoka bonde la Ziwa Eyasi hadi Karatu mjini ni kupanda, tena na magunia mgongoni. Alikuja kwangu akilalamika kwamba gari halipumui, moshi mweusi kila akikanyaga, na kuna kona moja ambayo lazima arudi gia ya pili. Mkononi alikuwa na makadirio ya bei: ekzosi ya inchi tatu, stenlesi tupu kutoka mbele hadi nyuma, pamoja na ahadi ya kuongeza nguvu za farasi 30.

"Hizo farasi thelathini zitatoka wapi, shemeji?"

"Fundi amesema zimefungiwa kwenye sailensa."

Hazijafungiwa. Injini hii inaendeshwa na kompyuta, na kompyuta ndiyo inayopima dizeli ya kuingia na kuamuru mabawa ya turbo yafunguke kiasi gani. Ukipanua bomba bila kugusa hesabu hizo, dizeli inayomwagwa ni karibu ileile. Utakachopata ni kwamba turbo itaamka mapema kidogo na joto la moshi litashuka. Kwa gari la mzigo hiyo ni faida ya kweli, kwa sababu joto kali la muda mrefu ndilo linalochosha turbo na vichwa vya pistoni. Lakini anayekuahidi farasi thelathini kwa bomba peke yake anakuuzia sauti. Na kama una Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ, zile lita nne na ushei zisizo na turbo, tarajia pungufu ya hapo.

Tulianza mbali na ekzosi. Moshi mweusi maana yake ni dizeli nyingi kuliko hewa ya kuichoma, na hewa hupotelea sehemu nyingi kabla ya kufika kwenye bomba la moshi. Chujio la hewa lilikuwa limejaa vumbi jekundu la Karatu. Mpira mmoja wa intakula ulikuwa na ufa upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Tuliuona kwa sababu ya mafuta mepesi yaliyotapakaa kuuzunguka. Tulibadili vyote viwili, shemeji akaenda safari moja na mzigo. Akarudi na habari njema nusu: moshi umepungua sana, kona bado ya gia ya pili. Nilisisitiza tuende hatua kwa hatua namna hiyo, maana ukibadili vitu vitatu siku moja hutajua kipi kilichoponya, na sifa zote zitaenda kwa kile chenye bei kubwa.

Ndipo tukapima. Fundi wetu, kijana mmoja wa Arusha mwenye mkono mtulivu, alitoboa bomba sentimita chache baada ya turbo na kuchomelea nati juu ya tundu. Baada ya turbo, sikiliza vizuri. Ukitoboa kabla yake, vipande vya chuma vitaingia kwenye magurudumu yake, na hapo bei ya bomba itaonekana sadaka. Kwenye nati akafunga mrija wa shaba wa friji, mrefu kama mita moja ili moshi upoe njiani, na mwisho wa mrija geji ya presha ndogo. Akatengeneza tundu la pili vilevile, nyuma ya sailensa. Tukapakia magunia, tukatafuta mlima, gia ya tatu, pedali chini kabisa. Mimi nikasoma geji, shemeji akaendesha.

Matundu mawili ndiyo siri ya kazi hii. Kama presha ni kubwa mbele ya sailensa na nyuma yake imeisha, sailensa ndiyo mwizi. Kwetu haikuwa hivyo. Tundu la nyuma nalo lilikuwa na presha ya kutosha, jambo lisilo na maana kama baada yake kumebaki kipande cha bomba na hewa ya Mungu. Tukaingia chini ya gari. Pale bomba linaporuka juu ya ekseli ya nyuma, mtu fulani zamani alilikunja likiwa tupu, na kona ikabonyea ndani kama mrija wa soda ulioukunja kwa vidole. Kwa nje limepakwa rangi ya fedha, linang'aa. Yule aliyetoa makadirio hakuwahi kuinama pale.

Tungeweza kubadili kipande hicho tu tukaenda nyumbani, na kwa mtu mwenye bajeti ndogo ningesema afanye hivyo. Lakini bomba zima lilikuwa limeanza kuliwa na kutu, kwa hiyo swali la ukubwa likaja lenyewe.

Bomba la zamani lilikuwa la milimita 57, yaani inchi mbili na robo. Sokoni uchaguzi wa kawaida ni inchi mbili na nusu au tatu, yaani milimita 63.5 au 76. Kwa macho tofauti ni ndogo, lakini moshi hauhesabu kwa macho. Kwa kiasi kilekile cha moshi, presha inayopotea ndani ya bomba hushuka takriban kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara tano. Ukitoka 57 kwenda 63.5, upotevu unabaki chini ya asilimia 60 ya ulivyokuwa. Ukienda 76, unabaki chini ya robo.

Mbona basi nisiseme inchi tatu kila mahali, tumalize? Kwa sababu moshi unabadilika njiani. Injini ya lita tatu kwenye mizunguko 3,400 kwa dakika, turbo ikishindilia hewa karibu mara mbili, inatoa kwa hesabu yangu ya kalamu na karatasi mita za ujazo kama 20 za moshi wa moto kila dakika. Hicho ni chumba kidogo cha kulala kizima kinachopitishwa kwenye tundu la ngumi. Lakini sehemu kubwa ya ujazo huo ni joto. Moshi uliotoka kwenye turbo ukiwa na nyuzi 500, ukifika nyuma na nyuzi 300, umeshanywea kwa robo. Mbele ndiko unakohitaji nafasi. Zaidi ya hapo, turbo hufanya kazi kwa tofauti ya presha kati ya kuingia na kutoka kwake, na kona mbaya mara tu baada ya turbo, moshi ukiwa bado umevimba kwa joto, hugharimu kuliko kona ileile karibu na bampa. Inchi tatu juu ya ekseli ya Vigo, kwa upande mwingine, ina shida yake: gari likijaa, springi zikilala, ekseli inapanda na kugonga bomba.

Uamuzi wetu ukawa wa mchanganyiko: milimita 76 kutoka turbo hadi chini ya viti vya mbele, kisha 63.5 hadi nyuma. Wauzaji wa seti zilizokamilika hawapendi mchanganyiko huo kwa kuwa hauandikiki vizuri kwenye boksi.

Kuna msemo wa gereji kwamba injini inahitaji presha kidogo ya kurudi nyuma, la sivyo inakosa nguvu. Umetoka kwenye injini za petroli zisizo na turbo, ambako mapigo ya moshi yakipangwa vizuri kwenye bomba lenye kipenyo sahihi husaidia kuvuta moshi wa silinda inayofuata. Hata huko kinachosaidia ni kasi ya moshi na mpangilio wa mapigo, si kizuizi. Baada ya turbo mapigo hayo yameshakatwakatwa. Usilipie kizuizi.

Kukunja bomba la inchi tatu bila mashine ni kazi ya kutazamwa. Kijana aliziba upande mmoja kwa kipande cha mti, akajaza mchanga mkavu, akawa anagonga bomba kwa nyundo ndogo ili mchanga ushuke na kushikana, kisha akaziba upande wa pili. Mchanga aliukaanga kwanza kwenye karai. Nilipomuuliza sababu, akacheka: "Ukiwa na maji, mzee, mvuke utatupa hicho kizibo kama risasi." Halafu moto wa gesi upande wa nje wa kona, polepole, hadi chuma kiwe chekundu, na kuvuta. Mchanga haukubali kubonyea, kwa hiyo kona ikatoka mviringo kama ilivyoingia. Anayekata vipande vya pembetatu na kuviunga naye anaweza kutoa kona nzuri, mradi kuchomelea kusiache matone ya chuma kwa ndani. Ingiza kidole ukague.

Tulitumia chuma cha kawaida chenye ukuta mnene kidogo, si stenlesi. Vitunguu havina chumvi ya bahari, na Mang'ola si Tanga. Kama gari lako linalala pwani, stenlesi ina hoja, ila nunua kwa tahadhari. Mafundi wengi hupima kwa sumaku: ikinata, wanasema ni feki. Sivyo kabisa. Stenlesi ya daraja la 409, inayotumika sana na viwanda vya magari kwa ekzosi, inanata sumaku na ni halali yake, ingawa uso wake hupata kutu ya juujuu. Ya 304 hainati na huvumilia kutu vizuri zaidi. Lakini hata ya 201, iliyopunguzwa nikeli na yenye bei nafuu, nayo mara nyingi hainati. Sumaku haitakutofautishia hizo mbili.

Stenlesi ya 304 pia huvimba kwa joto kuliko chuma cha kawaida. Bomba la mita tatu likipata nyuzi 300 zaidi hurefuka kama milimita 15. Likifungwa kwa kuchomelewa kwenye fremu, urefu huo utatafuta pa kwenda, na mara nyingi hupapata kwenye ufa wa flenji ya turbo. Weka kipande kinachonyumbuka mbele, na bomba lote lininginie kwenye raba zake. Turbo isibebe uzito wa bomba hata gramu moja.

Kelele ndiyo sehemu niliyokosea. Nilichagua sailensa ya kupita moja kwa moja, ile yenye mrija wa matundu uliozungushiwa pamba ya kioo, nikijua kwamba turbo yenyewe hupunguza makali ya sauti. Nje ya gari ilikuwa murua. Ndani, kwenye lami ya Makuyuni kuja Arusha, mizunguko 2,000, ulizuka mvumo unaoingia masikioni na kukaa humo. Injini ya silinda nne kwenye mizunguko hiyo hupiga mara 67 kwa sekunde, na kabati ya Vigo ilikuwa ikiitikia. Dawa ya kitabuni ni mrija wa pembeni uliozibwa mwisho, wenye robo ya urefu wa wimbi. Nikapiga hesabu: karibu mita 1.8. Chini ya pikapu iliyojaa ekseli, tangi na tairi la akiba, utauweka wapi? Tukaongeza sailensa ndogo ya pili nyuma, mvumo ukafa, na geji haikuonyesha tofauti ya maana.

Kwa wenye magari mapya yenye DPF, kichujio cha masizi, ushauri wangu ni mfupi: badilini kilicho nyuma yake, chenyewe kiacheni. Kikiziba, tafuteni kilichokiziba. Mara nyingi ni safari fupi fupi zisizokipa joto la kuyachoma masizi, au nozeli mbovu. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani. Wanaokaa nyuma ya pikapu juu ya magunia ni watu. Kwa sababu hiyohiyo mdomo wa bomba letu tuliutoa kabisa pembeni, nyuma ya gurudumu, usiishie chini ya bodi ambako moshi hurudi kwenye turubai.

Tulipopima tena kwenye mlima uleule, kwa mzigo uleule, mshale haukufika hata theluthi ya ulipokuwa. Mafuta hayakupungua kwa kiasi ambacho shemeji angeweza kuapa. Ile kona sasa anaipita na gia ya tatu.

Nati mbili tuliziacha pale pale, kila moja imezibwa na bolti yake. Ukienda kutengeneza ekzosi, mwombe fundi wako azichomelee kabla hajakupa bei ya kitu kingine chochote.