Kiwiko Kwenye Kishikio

Mchoro ulikuwa wa futi mbili kwa mbili, rangi ya mafuta juu ya hadibodi, na ndani yake mlikuwa na asubuhi nzima ya Kigera, hapa Musoma: ziwa, mawe, mtumbwi uliokunja tanga, na wanawake watatu wameinama kuanika dagaa. Aliyeuchora ni kijana wa mtaa wetu. Mtalii mmoja aliyekuwa akielekea Serengeti alisimama mbele yake karibu robo saa. Akauliza bei, akaridhika nayo. Kisha akautazama mkoba wake wa mgongoni, akacheka kidogo, akaomba radhi, akaenda zake.

Siku ile ndipo nilipoanza kuutafutia ule mchoro kikombe.

Wapo wanaosema sanaa ikishaingia kwenye kikombe imeanguka. Sikubaliani nao, na shahidi wangu ni Edward Saidi Tingatinga. Mzaliwa huyu wa Tunduru alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za kung'aa zinazopakwa baiskeli, juu ya hadibodi. Picha zikauzwa Morogoro Stores, Oysterbay, kwa wageni waliokuja kununua mahitaji ya nyumbani. Alifariki 1972, lakini wanafunzi wake hawakuweka brashi chini. Mwaka 1990 wakaunda ushirika, na chui wa ubaoni akahamia kwenye masinia, sahani na vijisanduku. Mimi naona hadithi yote imo kwenye vipimo. Hadibodi ya futi nane kwa nne inatoa vipande vinane vya futi mbili mbili, hakibaki hata kipande cha kutupa. Sanaa hii ilizaliwa ikijua itabebwa.

Ila kubebwa si kupunguzwa tu. Hapa wengi hukosea, na mimi nimo. Unaupiga mchoro picha, unaibana kwenye kompyuta mpaka ienee, unachapa, unapata doa. Wanawake watatu wanakuwa punje za mtama. Dagaa, ambao mchoraji aliwagusa mmoja mmoja kwa ncha ya brashi, wanakuwa vumbi. Tena kikombe si ukuta. Ni duara lililokatwa na kishikio: anayeshika kwa mkono wa kulia anaona upande mmoja, aliyeketi mkabala naye anaona mwingine, na katikati pana sehemu isiyoonwa na yeyote mpaka kikombe kigeuzwe. Kwa hiyo mnywaji nilimpa mwanamke mmoja tu, mkubwa, mgongo wake na kanga yake. Wa mkabala nikampa mtumbwi. Katikati nikaacha maji matupu. Hayo maji matupu ndiyo yaliyonikalisha usiku mwingi kuliko yote, maana mkono unawasha kujaza.

Mchoro huo huo niliutafutia na fulana, nayo ina taabu yake. Skrini moja ya kuchapia hupitisha rangi moja, na anga ya yule kijana inafifia polepole kutoka buluu hadi nyeupe, huwezi kusema inabadilikia wapi. Kwenye skrini lazima useme. Unachora mstari: buluu mwisho hapa. Ukiuweka juu mno, ni mchana. Ukiuweka chini, mvua inakuja. Nilichora mistari minne kabla alfajiri haijarudi. Wabunifu wa kanga walilijua jambo hili zamani: pindo, mji, jina, rangi chache, na bado mtu anaisoma akiwa ng'ambo ya barabara.

Kikombe nacho hakichapwi moja kwa moja. Picha huchapwa kwenye karatasi maalumu ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo, karatasi inazungushiwa kikombe, kisha vinabanwa pamoja kwenye mashine ya joto, nyuzi 190 hivi, kwa dakika chache. Kundi langu la kwanza nilisahau kugeuza. Chini ya mtumbwi nilikuwa nimeandika MUSOMA kwa herufi kubwa. Sasa M, U, O na A zina kuume na kushoto sawa, kwa hiyo vikombe vilitoka vikisema AMOSUM bila aibu yoyote. S peke yake ndiyo iliyogeuka uso, ikanichongea. Vikombe kumi na viwili. Tunavinywea chai nyumbani mpaka leo, na watoto wanasema Amosum ni kijiji chao.

Ningeweza kununua picha zilizo tayari, kama wafanyavyo wengine. Ingia dukani huku kwetu, ziwa liko mlangoni, na vikombe rafuni vina Kilimanjaro, mlima ulio safari ya siku nzima kwa basi. Na ningeweza kuuchukua mchoro wa kijana bila kumuuliza, jambo ambalo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 hairuhusu, na mama yangu pia. Tuliandikiana: kila kikombe kikiuzwa, ana fungu lake.

Nilipompelekea kile cha kwanza kilichonyooka, alikizungusha mara mbili bila neno.

"Kaka, wenzake wawili wako wapi?"

"Hawakutosha, mdogo wangu."

Akakizungusha tena. Yule mwanamke ameinama, mkono wake mmoja uko kwenye dagaa, mwingine umekunjwa kiunoni, na picha inaishia kwenye kiwiko, kidole kimoja kabla ya kishikio. Sikumwambia kitu. Alikifuata kiwiko kwa ukucha mpaka kwenye udongo mweupe uliokunjwa vile vile, akatulia kidogo. Kisha akaingiza vidole hapo, akanisogezea kikombe karibu na birika.